Nduma Ipandwayo kwa Ajili ya Jani Lake

Mtu ashukaye bondeni mwa mto Ruiru alfajiri, kabla jua halijapanda, huona majani ya nduma yamesimama kandokando ya maji, mapana kama masikio ya ndovu, na juu ya kila jani matone ya umande yamekaa kama shanga za fedha. Tone halililoweshi jani. Upepo ukivuma kidogo, tone huteleza likaanguka, na jani hubaki kavu kama halikuguswa na maji. Watoto wa mabondeni hulijua jani hilo kuwa mwavuli wa mvua ya ghafula na kikombe cha kunywea maji ya chemchemi. Wazazi wao hulijua kuwa alama ya kilichomo chini yake, yaani kiazi cha kung'olewa matopeni, kuoshwa, kuchemshwa na kuliwa kwa chai. Aghalabu hakuna mtu katika nyumba hiyo alitazamaye jani lenyewe kuwa ni pambo.

Ulaya mambo ni kinyume. Huko wako watu watumiao fedha na taabu nyingi kuotesha mmea huu huu mbele ya nyumba zao, wala hawana haja kabisa na kiazi chake. Wanachotaka ni jani tu.

Mmea ni mmoja, bali majina ni mengi. Watu wa Pwani na Unguja huuita majimbi, na Tanzania bara wengi husema magimbi. Buganda ni mayuni, na Misri ni qulqas. Waingereza waliokaa Kenya waliuita arrowroot, jina ambalo kwa haki ni la mmea mwingine, ule utoao unga wa uwanga, na kosa hilo limedumu hata leo katika masoko ya Nairobi na Thika. Asili yake ni Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki, lakini ulifika Afrika zamani mno, na mabonde ya Kiambu na Murang'a yameuzoea kama mtoto aliyezaliwa humo.

Desturi ya kupanda mimea ya nchi za joto kwa ajili ya majani yake ilipata nguvu Uingereza katika miaka ya 1860. John Gibson, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya Battersea mjini London, alitenga mahali palipokingwa na upepo akapanda humo mimea yenye majani makubwa, na watu wakaja kwa wingi kustaajabu. Mwaka 1871 William Robinson, mwandishi mashuhuri wa mambo ya bustani, alitoa kitabu kizima juu ya bustani za namna hiyo. Kati ya mimea iliyopendwa na watu wa mtindo huo ni mbarika, ule ule umeao ovyo kando ya njia za Thika na kufyekwa kama magugu, na jamaa ya nduma. Mkulima wa Ruiru akionyeshwa bustani ya kifahari ya London yenye mbarika katikati na nduma pembeni, huenda akauliza mwenye nyumba amepatwa na nini hata ameshindwa kulima shamba lake.

Lakini asicheke upesi, maana kazi ya yule mwenye bustani si ndogo. Nduma hutaka vitu vitatu: maji mengi, chakula kingi, na joto. Viwili vya kwanza mtu aweza kuvileta kwa ndoo na kwa toroli. Cha tatu hakiletwi. Jalidi, yaani ule umande ugandao kuwa barafu usiku wa baridi kali, ikiligusa jani la nduma, siku ya pili jani huwa jeusi na kulegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Katika sehemu nyingi za Uingereza hatari hiyo haiondoki mpaka mwezi wa Mei unakaribia kwisha, nayo hurudi Oktoba. Basi mmea ambao Ruiru una mwaka mzima wa kukua, huko hupewa miezi minne au mitano tu.

Kwa sababu hiyo wenye maarifa huanza kazi ndani ya nyumba. Mwezi wa Machi au Aprili kiazi hutiwa katika chungu chenye udongo mwepesi uliochanganywa na mboji, nacho chungu huwekwa mahali penye joto la digrii 20 au zaidi. Mwanzoni maji hutiwa kwa kiasi, kwa maana kiazi kisicho na mizizi huoza upesi kikilala katika baridi na majimaji. Kikisha kuchipua na kufungua jani la kwanza, maji huongezwa. Mwisho wa Mei chungu hutolewa nje mchana na kurudishwa ndani usiku kwa muda wa wiki moja au mbili, ili mmea uizoee hewa ya nje. Mwezi wa Juni hupandwa bustanini, mahali penye jua la asubuhi na kinga ya upepo, kwa kuwa jani pana ni kama tanga la jahazi, na upepo hulipasua.

Tangu hapo ni kulisha na kunywesha. Wengine huuacha mmea katika chungu chake wakakisimamisha ndani ya beseni la maji, jambo ambalo lingeiua mimea mingi ya bustani, bali nduma hulifurahia. Mbolea yenye naitrojeni hutiwa kila baada ya wiki moja au mbili. Mwezi wa Agosti, hali ya hewa ikiwa njema, mmea huweza kufika kimo cha kifua cha mtu. Kisha Oktoba huja, jalidi huunguza majani, na mwenye bustani huyakata, hung'oa kiazi, hukikausha kwa siku chache na kukifukia katika maranda makavu ya mbao, mahali pasipo na barafu wala joto la kuamsha machipukizi. Mara kwa mara katika majira ya baridi hukifukua kukitazama, na kilichoanza kuoza hutupwa kabla hakijawaambukiza wenzake.

Mtu wa Kenya aishiye Ulaya aweza kufanya hayo yote kwa kiazi alichonunua sokoni kwa kula, mradi achague kigumu, kisicho na kidonda, ambacho jicho lake la juu halikukatwa. Asitumaini mavuno. Miezi mitano ya joto hafifu haitoshi kukijaza kiazi. Mwisho wa majira atapata vijiazi vidogo. Jani, hata hivyo, atalipata, na huenda likatosha kumkumbusha kwao.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu shida ya baridi si ya Ulaya peke yake. Thika na Ruiru ziko katika mwinuko wa mita 1,500 na zaidi kidogo juu ya bahari. Hakuna jalidi ya kuogopwa hapo, lakini mwezi wa Julai anga hufungwa na mawingu siku nyingi, na usiku joto huweza kushuka hata digrii 12 au chini yake. Nduma haifi, husimama tu. Majani mapya huja moja moja, madogo, na yale ya zamani hugeuka manjano. Wengi walionunua mche mwezi wa Juni hudhani ya kuwa wameuziwa mche mbovu. Ubovu haumo katika mche, umo katika kalenda. Apandaye mwezi wa Machi au Aprili, mvua za masika zinapoanza, huupa mmea nafasi ya kushika mizizi kabla ya baridi. Na apandaye Oktoba, pamoja na mvua za vuli, huwa na miezi mingi ya joto mbele yake.

Shida iliyo kubwa kuliko baridi ni ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru, na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Mashamba makubwa ya kahawa yamekatwa kuwa viwanja, na familia nyingi leo zina kile kiwanja cha futi hamsini kwa mia, nyumba ikiwa katikati, juu ya mgongo wa kilima, mbali na mto. Mtu aliyekulia bondeni huko kwao akahamia kiwanja cha namna hiyo hudhani ya kuwa nduma imekwisha katika maisha yake. Sivyo. Ni wajibu wake kumtengenezea nduma bonde dogo.

Kazi hiyo imekwisha kujaribiwa na wakulima wengi wa nchi ya juu. Huchimbwa mtaro wenye upana wa futi tatu hivi na kina cha futi mbili, urefu wowote anaopenda mwenyewe. Chini na ubavuni hutandikwa karatasi nzito ya plastiki isiyo na tundu. Mawe makali na mizizi iondolewe kwanza, maana tundu moja dogo huyatoa maji yote, na mwenye mtaro hugundua baada ya mwezi, akiwa amekwisha kujaza udongo. Kisha udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza vema, ndoo kwa ndoo, na kurudishwa humo mpaka ibaki nafasi ya kama nusu futi chini ya ukingo, nayo ni nafasi ya maji. Mtaro hunyweshwa mpaka ulowe kabisa, miche ikapandwa kwa kuachana futi moja. Apandaye kwa ajili ya pambo aachanishe futi mbili au tatu, ili kila mmea uonekane peke yake na majani yake yasigombane.

Mahali pa kuuchimbia mtaro ni jambo la kufikiriwa. Karibu na mfereji utokao bafuni pana maji, lakini maji ya sabuni kali hayafai, na yale ya chooni yasikaribishwe kabisa. Penye bati la nyumba ndipo pazuri zaidi. Mvua ya masika ianguka juu ya bati, yashuka kwa mfereji, yaingia mtaroni, na mwenye nyumba hana la kufanya ila kutazama. Na kwa upande wa sura, safu ya nduma chini ya ukuta mweupe, au kandokando ya lango, haina haja ya kuonea haya ua lolote la dukani.

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu, kwa sababu pambo na chakula, vikikaa katika kiwanja kimoja, vyaweza kumdanganya mtu. Kando ya barabara kuu ya Thika wako wauza miche wengi, na miongoni mwa miche yao imo mimea yenye majani yafananayo na ya nduma: mingine myeusi, mingine yenye mishipa meupe, mingine yenye madoa mekundu. Baadhi yake ni nduma ya kweli ya aina ya pambo. Baadhi ni jamaa zake tu, na kati ya hao wamo ambao kiazi chao hakiliwi hata kikipikwa.

Nduma yenyewe ikiwa mbichi si ya kuchezewa. Ndani ya jani, bua na kiazi mna chembe ndogo zenye ncha kama sindano, zisizoonekana kwa macho. Mtu akitafuna kipande kibichi, sindano hizo huchoma ulimi na koo, mdomo hufura, na mtoto mdogo aweza kupata shida ya kupumua. Ndiyo maana mikono huwasha mtu amenyapo nduma, na wapishi wengi hupaka mafuta kwanza. Kuchemsha kwa muda mrefu, mpaka kiazi kilainike kabisa, ndiko kunakoondoa hatari. Lakini moto unaotosha kwa nduma iliyojulikana na mababu hautoshi kwa kila jamaa yake.

Iko alama isaidiayo kidogo. Katika nduma ya kweli bua halishiki jani pale penye pengo la juu ambapo masikio mawili yanaachana. Hushika ndani zaidi, karibu na katikati, kama mpini ulioshika ngao, na ncha ya jani huelekea chini. Katika baadhi ya jamaa zake bua hushika penye pengo lenyewe, na katika nyingine jani huelekeza ncha juu kama mkuki. Lakini alama hiyo ina visa vyake vya kudanganya, wala haifai kuwa hukumu ya sufuria. Kanuni iliyo salama ni hii: mche ulionunuliwa kwa ajili ya pambo ubaki pambo, na mche wa kula utoke kwa jirani ambaye yeye mwenyewe amekula nduma ya shina hilo. Mitaro ya aina hizo mbili isikaribiane, kwa sababu machipukizi hutambaa, na mwaka wa tatu hakuna akumbukaye lipi lilitoka wapi.

Jambo jingine ni maji. Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, na mito ipitayo katika miji hubeba mengi yasiyoonekana. Nduma hukaa majini mchana na usiku, na mimea iliyoota katika maji yenye madini mazito, kama risasi, huweza kuyavuta madini hayo mwilini mwake. Kupika huziondoa zile sindano, bali hakuondoi risasi. Nduma nono, yenye jani la kijani kibichi cha kupendeza, yaweza kuwa imenona kwa maji ya mfereji wa taka. Jani lake halitasema neno. Anunuaye sokoni na aulize ilikolimwa, na auzaye asikasirike akiulizwa.

Tena iko sheria. Kwa miaka mingi watu wa mabondeni wamegombana na maofisa juu ya kulima ukingoni mwa mito. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima ndani ya mita 2 za mkondo wa maji, na mkondo ukiwa na upana uliozidi hapo, ndani ya umbali ulio sawa na upana wake, mpaka mita 30. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kulindwa usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30. Mkulima mwenye vishamba vitatu vya nduma matopeni huziona kanuni hizo kuwa ni kumnyang'anya urithi wa nyanya yake, na malalamiko yake hayakosi haki, kwa kuwa nduma ya nyanya haikuusumbua mto. Lakini nyanya hakuwa na majirani nusu milioni. Ukingo ukichimbwa kila mwaka, udongo huenda na mafuriko, na walio chini ya mto hunywa tope. Aliye na shaka juu ya mpaka wa kiwanja chake na aulize kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla hajashika jembe, maana ni rahisi kuliko kung'olewa mazao yakiwa yamefika nusu.

Na wale walioyaona majani meusi ya kupendeza katika picha za nchi za ng'ambo wasishawishike kuagiza kiazi kisirisiri ndani ya mzigo wa ndugu. Aina nyingi za pambo zimetoka Hawaii, ambako nduma huitwa kalo na ni chakula cha wenyeji tangu kale. Huko mtaalamu wa magonjwa ya mimea, John Cho wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alichanganya mbegu akitafuta nduma yenye kustahimili ugonjwa, na baadaye akatoa pia aina za pambo. Ugonjwa wenyewe ni ule wa ukungu wa majani, uanzao kwa doa dogo la majimaji, likapanuka kuwa duara la kahawia mpaka jani lote likaanguka. Uliingia Samoa mwaka 1993, na kwa muda mfupi kilimo cha nduma, kilichokuwa tegemeo la chakula na la biashara ya visiwa hivyo, kikaporomoka. Mnamo miaka ya 2009 na 2010 ulionekana Afrika ya Magharibi. Husafiri na miche. Kwa hiyo mimea itokayo nje haina budi kuwa na kibali cha KEPHIS, yaani shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha nchi itokako; na mtu aonaye madoa ya namna hiyo katika mtaro wake aondoe majani hayo, ayachome, wala asimpe jirani miche mpaka ofisa wa kilimo ametazama.

Mwenye mtaro mzuri atajua wakati wa kuvuna kwa kulitazama lile jani alilolipenda. Baada ya miezi sita katika mahali pa joto, au mwaka mzima katika mahali pa baridi, majani mapya huanza kuwa madogo kuliko yaliyotangulia, na ya nje hukauka. Hapo fuko naye hujua, wala hangoji kualikwa. Shina hung'olewa zima kwa mikono miwili, tope likatikiswa. Kiazi hukatwa chini ya kichwa, na kichwa huachiwa kipande cha kiazi chenye unene wa vidole viwili pamoja na mabua yaliyofupishwa kuwa shubiri moja. Kidonda huachwa kivulini siku moja au mbili mpaka kikauke. Kisha samadi mpya huchanganywa mtaroni, kichwa hurudishwa pale pale kilipotoka, na baada ya wiki tatu jani la kwanza husimama tena, limejikunja kama karatasi ya barua.